Andiko la mradi wa tabianchi likifika mezani kwako: jinsi ya kulikagua hadi dokezo

Kila bajeti inapokaribia, simu yangu huanza kuita. Mara ni afisa mipango aliyehamishiwa halmashauri mpya, mara ni mchumi wa mkoa, mara ni kijana wa mradi aliyeambiwa na bosi wake, "Hebu pitia hili andiko la tabianchi, kesho asubuhi nipate dokezo." Maswali ni yale yale. Hewa ukaa na ozoni si kitu kimoja? Tani ya kaboni inapimwaje wakati ni hewa? Nyuzi 1.5 za joto tumeshazivuka au bado? Halafu linakuja lile la mwisho, la sauti ya chini: "Kaka, mimi nilisoma uhasibu, haya mambo nitayaweza kweli?"

Utayaweza. Tena wahasibu huwa wazuri kuliko sisi wa mazingira, kwa sababu hawatishwi na namba. Kazi yote hii inasimama juu ya swali moja utakaloliuliza mpaka watu wakuchoke: *ikilinganishwa na nini?* Mradi utapunguza tani 1,000, ikilinganishwa na nini? Mvua zimepungua, zikilinganishwa na lini? Andiko lisilojibu hilo halijaiva, hata kama jalada lake lina picha ya mtoto na mche.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Andiko kamili pamoja na viambatisho. Usikubali muhtasari wa kurasa 3, maana hesabu hufichwa kwenye viambatisho.

Kikokotoo. Cha simu kinatosha.

Ahadi ya nchi yako chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, ile inayoitwa NDC, pamoja na mkakati wa kisekta unaohusika. Kwa nishati ya kupikia Tanzania, kwa mfano, ni Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034.

Utabiri wa msimu wa mwisho kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), au Idara ya Hali ya Hewa kama uko Kenya. Ukitaka picha ya ukanda mzima, ipo ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha nchi za IGAD.

Muhtasari kwa watunga sera wa ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi. Ile ya majumuisho ilitoka Machi 2023. Usiisome yote, iweke karibu ya kuulizia.

Namba ya simu ya mtendaji wa kijiji au kata ambako mradi utakwenda. Hii ndiyo watu husahau.

Sayansi ya kukuvusha mlango, basi

Kabla ya viwanda, hewa ukaa angani ilikuwa sehemu takribani 280 katika kila milioni. Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Sasa imepita 420. Gesi hii inazuia joto la dunia lisitoke, na ikishapanda hubaki huko juu karne kwa karne, ndiyo maana inajilimbikiza. Methani, ya ng'ombe, mashamba ya mpunga na madampo, ina nguvu zaidi lakini huisha kwa kama miaka 12. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba unyevu zaidi kwa takribani asilimia 7; ikiuachia, inauachia kwa mkupuo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari.

Ozoni, lile tabaka la juu linalotukinga na miale mikali ya jua, ni habari nyingine. Tundu la ozoni lilitokana na gesi za majokofu na makopo ya kupuliza, likashughulikiwa na Itifaki ya Montreal ya 1987. Mambo haya mawili yanakutana sehemu moja tu inayokuhusu: gesi zilizokuja kuchukua nafasi ya zile za zamani kwenye friji na viyoyozi haziharibu ozoni lakini zinapasha dunia joto, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanazipunguza. Ukiona andiko linasema miti itaziba tundu la ozoni, lirudishe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Amua ni andiko la aina gani

Chukua kalamu, juu ya ukurasa wa kwanza andika KUPUNGUZA au KUHIMILI. Kupunguza ni kuzuia gesijoto (hewa ukaa, methani na wenzao) zisiende angani: nishati, misitu, taka, mifugo. Kuhimili ni kuishi na yaliyokwisha kufika: mabwawa, mbegu za muda mfupi, kuta za bahari, tahadhari za mapema. Ya kwanza inapimwa kwa tani. Ya pili haina tani. Inapimwa kwa hasara iliyoepukwa, kaya zenye maji mwezi wa Septemba, ekari zisizoingiwa na chumvi.

Kuna miradi yenye yote mawili, kama mikoko. Hiyo iandikie yote mawili, lakini kila upande uwe na hesabu yake.

*Tahadhari:* Waandishi wengi hubandika neno "uhimilivu" juu ya mradi wa kawaida wa kisima kwa kuwa fedha ziko huko. Uliza: kama hali ya hewa isingebadilika kabisa, mradi huu ungebadilika nini? Jibu likiwa "hakuna", huo ni mradi wa maji. Pengine ni mzuri sana, ila uende kwenye fungu lake.

Hatua ya 2: Tafuta msingi wa kulinganishia

Msingi ni hadithi ya "kama tusingefanya kitu". Ukiuweka juu, hata mradi mbovu unaonekana shujaa.

Anza na ahadi za nchi zenyewe ili uzoee. Kenya, katika NDC ya 2020, iliahidi kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030. Asilimia 32 ya nini? Ya tani milioni 143 ambazo *zingetokea* mwaka 2030 kama mambo yangeenda kama kawaida. Inabaki kama tani milioni 97. Haijasema itashuka asilimia 32 kutoka ilipo leo. Tanzania nayo, katika NDC ya 2021, ilitaja asilimia 30 hadi 35 kwa mtindo huo huo. Nchi inaweza kuongeza gesijoto zake na bado ikatimiza ahadi, wala si udanganyifu, kwa kuwa ni nchi inayosambaza umeme na kujenga barabara. Ila ukiandika kwenye dokezo kwamba "taifa litapunguza theluthi ya uchafuzi wake wa sasa", umempeleka mkubwa wako mbele ya kamati akiwa uchi.

Kwenye andiko tafuta vitu vitatu: mwaka wa kuanzia, ukuaji uliodhaniwa (wa watu, mifugo, umeme), na mahali namba zilipotoka. Miradi ya umeme ndiyo huchezewa zaidi. Nimeona andiko la pampu za sola lililotumia kiwango cha uchafuzi cha gridi yenye makaa ya mawe. Umeme wa Kenya karibu asilimia 90 ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua; wa Tanzania una gesi asilia, na tangu 2024 una Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Yuniti moja iliyookolewa Iringa haina uzito wa yuniti iliyookolewa Johannesburg, ambako umeme mwingi ni wa makaa.

Hatua ya 3: Leta vipimo vyote kwenye kimoja

Kabla ya kujumlisha chochote, hakikisha kila mstari umeandikwa *tani za hewa ukaa au sawa na hewa ukaa, kwa mwaka*. Mitego ni hii:

Kaboni si hewa ukaa. Wataalamu wa misitu hupima kaboni iliyo ndani ya mti. Wafanyabiashara wa kaboni huuza tani za hewa ukaa zilizopunguzwa. Ukitoka kwenye kaboni kwenda hewa ukaa unazidisha kwa 3.67. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipitisha jedwali lenye safu mbili, moja ya kaboni na nyingine ya hewa ukaa, zimejumlishwa kama mahindi na maharage kwenye debe moja. Hakuna aliyegundua mpaka mkaguzi wa mfadhili alipokuja, na barua yangu ya kujieleza ilikuwa na kurasa nyingi kuliko andiko.

Methani huzidishwa kwa takribani 28 ukihesabu athari ya miaka 100. Ukihesabu ya miaka 20 inapita 80. Zote ni halali, lakini andiko litumie moja mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mifugo imehesabiwa kwa 80 na msitu kwa miaka 100, kuna mtu anacheza.

Kwa mwaka au kwa maisha ya mradi? "Tani 50,000" za miaka 25 ni tani 2,000 kwa mwaka.

Hatua ya 4: Rudia hesabu yao kwa mkono

Hapa ndipo pa kukaa. Nitumie mfano unaoletwa sana tangu serikali ya Tanzania ielekeze taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa: jiko la shule.

Shule ya bweni, wanafunzi 400, inapikia kuni, inataka kuhamia gesi ya mitungi. Tuseme umepima ukakuta kila mwanafunzi anatumia kilo 1 ya kuni kavu kwa siku, siku 270 kwa mwaka. Hizo ni tani 108 za kuni.

Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa takribani kilo 1.75 za hewa ukaa. (Usishangae hewa kuzidi kuni: oksijeni inaongezwa kutoka angani, nayo ina uzito.) Kwa hiyo tani 108 zinatoa tani 189.

Simama hapo. Mti uliokatwa ukiota tena, ile hewa ukaa inarudi mtini. Kinachohesabika ni kuni ambazo msitu *haujazirudisha*. Sehemu hiyo ni kiasi gani? Maandiko mengi ya majiko huweka asilimia 90 bila kupepesa macho. Maeneo mengi, ukipima, unakuta karibu na theluthi moja. Tufanye zote mbili:

– Kwa asilimia 90: 189 × 0.9 = tani 170.
– Kwa asilimia 30: 189 × 0.3 = tani 57.

Sasa ondoa gesi itakayochomwa. Kilo ya kuni ina megajuli 15.6 za nishati, kilo ya gesi ya mitungi 47.3. Tuchukue kwamba mafiga yanafikisha asilimia 15 ya joto kwenye sufuria, na jiko la gesi asilimia 55. Kilo moja ya gesi basi inachukua nafasi ya kilo 11 za kuni. Shule itahitaji karibu tani 9.7 za gesi kwa mwaka, na kila kilo hutoa kama kilo 3 za hewa ukaa. Jumla tani 29, na hizi zote zinahesabika kwa sababu zinatoka chini ya ardhi.

– Punguzo la andiko lenye matumaini: 170 − 29 = tani 141.
– Punguzo la andiko lenye tahadhari: 57 − 29 = tani 28.

Jiko ni lile lile, na ugali ni ule ule. Tofauti ni mara tano, na imetokana na namba moja tu ya asilimia iliyoandikwa kwenye kiambatisho. Nimeacha methani ya moshi wa kuni ili hesabu ikae kwenye bahasha. Ukiiongeza punguzo litapanda kidogo, lakini pengo litabaki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa 2024, ulikuta miradi ya majiko iliyochunguzwa imejihesabia punguzo karibu mara tisa ya lile halisi, na sehemu hii ya kuni isiyorudi ni mojawapo ya sababu kubwa.

*Tahadhari:* Usiue mradi kwa sababu tani zimeshuka kutoka 141 hadi 28. Ingia jikoni saa kumi na moja alfajiri, uji wa wanafunzi ukiwa motoni. Mpishi anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, macho mekundu, khanga imefunikwa puani. Faida ya mradi huu iko kwenye mapafu ya yule mama na kwenye bajeti ya kuni, na hizo hazihitaji msaada wa tani za kubuni. Mwambie mwandishi aziandike hizo kwanza.

Hatua ya 5: Kama ni mradi wa kuhimili, dai takwimu za mvua na joto

Tabianchi ni wastani wa miaka mingi. Kipimo cha kawaida ni miaka 30, na kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Andiko likisema "mvua zimepungua", uliza: kituo gani, miaka mingapi, msimu upi? Wazee wakisema mvua za zamani zilikuwa nyingi, wasikilize, halafu tafuta daftari.

Na daftari lenyewe likague. Kuna ofisi moja niliyokwenda kutazama kipima mvua chao. Kipo, kimepakwa rangi vizuri, kimesimama chini ya mwembe. Mwembe uliota baadaye, hakuna aliyethubutu kuukata. Nikafungua daftari: kila Jumamosi na Jumapili sifuri, kila Jumatatu mvua kubwa. Msomaji wa kipimo hafanyi kazi wikendi. Mtu aliyechukua takwimu zile akachora grafu ya "mvua kubwa za siku moja kuongezeka" angepata grafu safi kabisa ya ratiba ya kazi ya yule ndugu.

Kisha tenganisha misimu. Wanaoandika "mvua za Afrika Mashariki" kama kitu kimoja wanakuharibia kazi.

*Masika* (Machi hadi Mei) zilipungua katika sehemu kubwa ya ukanda kuanzia miaka ya 1980 hadi kama 2010. Modeli nyingi za kompyuta, hata hivyo, zinasema huko mbele zitaongezeka. Wanasayansi wenyewe wanalijua fumbo hili na halijafumbuliwa lote. Kwa hiyo mradi wa masika uchague kitu kinachofaa pande zote mbili: lambo lenye njia ya kutolea maji ya ziada, mbegu mchanganyiko, barabara yenye makaravati makubwa. Ukijenga kwa ajili ya ukame tu, mafuriko yatakuja kukutafuta.

*Vuli* (Oktoba hadi Desemba) zinaendeshwa sana na bahari: El Niño (maji ya Pasifiki kupata joto), na tofauti ya joto la maji kati ya upande wetu wa Bahari ya Hindi na upande wa Indonesia. Upande wetu ukipata joto kuliko kule, tunafurika, kama 1997, 2019 na 2023. Modeli zinaelekeza vuli kuwa nzito zaidi. Pembe ya Afrika ilitoka kwenye misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, ikaingia moja kwa moja kwenye mafuriko ya vuli mwaka huo huo.

Usichanganye utabiri wa msimu na makadirio ya tabianchi. Wa msimu unakusaidia kuamua mbegu za mwaka huu. Makadirio ya 2050 yanakusaidia kuamua ukubwa wa daraja. Nao utabiri wa msimu husomwa hivi: ukiambiwa asilimia 45 juu ya wastani, 35 wastani, 20 chini ya wastani, bado kuna nafasi moja kati ya tano ya mvua haba. Mkulima aliyepanda mpunga shamba zima kwa kuambiwa tu "mvua zitakuwa nyingi" hajatendewa haki na aliyetafsiri.

Kwa miradi ya pwani, usawa wa bahari duniani ulikuwa ukipanda kwa takribani milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Ni kidogo kwa jicho. Lakini mmomonyoko unaouona ufukweni huweza pia kutokana na mchanga kuchimbwa, mikoko kukatwa, au ukuta wa jirani kusukuma mawimbi kwako. Uliza ni kipi kabla ya kumwaga zege.

Hatua ya 6: Pitia kila sentensi yenye "kutokana na mabadiliko ya tabianchi"

Izungushie kalamu nyekundu, halafu ijaribu. Maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 2023, yalihitaji mvua kubwa, lakini pia mlima wenye udongo wa namna ile na mji ulio chini yake. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu Mei 2024. Kimbunga kimoja hakitoshi kuwa mwenendo. Namna salama ya kuandika ni "mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano" au "yameongeza ukali", na pale tu palipofanyiwa uchambuzi. Kwa ukame wa Pembe ya Afrika uchambuzi upo: kikundi cha World Weather Attribution kilieleza mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto, kwa kunyonya unyevu wa udongo, lilifanya ukame wa aina ile uwezekane angalau mara 100 zaidi.

Na jamani, Kilimanjaro. Kila andiko lina picha mbili za kilele, ya zamani na ya sasa. Ni kweli kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kwa kama asilimia 85. Lakini sehemu ya hadithi ile ni hewa iliyokauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, si joto peke yake. Mtu anayejua akiipinga picha yako ya kwanza, hatasoma ukurasa wa pili. Tumia joto lenyewe: wastani wa dunia wa 2011 hadi 2020 ulikuwa juu ya ule wa 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1, na hilo halina mjadala.

Hatua ya 7: Fuata pesa na mkataba

Mradi ukiisha, nani atalipia mafuta ya pampu, mtungi wa gesi, mlinzi wa msitu? Kama jibu ni "jamii", uliza jamii imeambiwa shilingi ngapi.

Kwa biashara ya kaboni, kuwa mkali. Soma miaka ya mkataba, nani anapima, nani anauza, na mgawo unatoka kwenye mapato ghafi au baada ya gharama. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Uliza kama mradi umepita huko. Kenya, kwa marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, miradi ya ardhi hutoa kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, na isiyo ya ardhi asilimia 25, *baada ya kuondoa gharama za uendeshaji*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo utakayopigania.

Ukitaka kuona mradi mdogo unaoeleweka, tazama Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale: hekta 117 za mikoko, tani kama 3,000 kwa mwaka. Mradi wenye eneo dogo kuliko hilo ukidai tani mara kumi, unajua pa kuanzia maswali.

Hatua ya 8: Piga ile simu, kisha andika dokezo

Mpigie mtendaji. Muulize mambo mawili tu: mradi anaujua? Na eneo lililotajwa lina mgogoro? Nimeokolewa na simu hiyo zaidi ya mara moja.

Dokezo lisizidi ukurasa. Kiswahili kina mtego wake hapa: "huenda" yetu inabeba kila kitu, kuanzia asilimia 10 hadi 90. IPCC wakiandika kwamba jambo lina uwezekano, wana maana ya asilimia 66 kwenda juu. Wakisema uwezekano mkubwa sana, 90 kwenda juu. Sisi tunatafsiri yote "huenda". Andika namba.

Kwa ile shule, dokezo lingekaa hivi:

"Mradi unaomba kubadili jiko la kuni kuwa la gesi katika shule yenye wanafunzi 400. Andiko linadai punguzo la tani 141 za hewa ukaa kwa mwaka. Kwa hesabu yetu punguzo ni kati ya tani 28 na 141, kutegemea sehemu ya kuni isiyoota tena, ambayo mwandishi hakuionyeshea ushahidi. Faida ya afya kwa wapishi na unafuu wa bajeti ya kuni havitegemei namba hiyo. Gharama ya gesi baada ya mwaka wa pili haina fungu. Napendekeza tukubali kwa sharti kwamba dai la tani lirekebishwe na fungu la gesi lionyeshwe. Nawasilisha."

Ukikwama

*Hesabu yangu na yao haziingiliani.* Angalia kwanza 3.67, kisha mwaka dhidi ya jumla, kisha nambari ya methani. Karibu kila mara kosa liko kwenye moja ya hayo. Ukishindwa, waombe faili lenye kanuni za hesabu, si PDF. Wakikataa, hilo nalo liandike.

*Hakuna kituo cha mvua karibu.* Omba TMA takwimu zilizochanganya vituo na setilaiti, au tumia CHIRPS, hifadhi ya takwimu za mvua za setilaiti na vituo, inayoanzia 1981. Ilinganishe na kituo chochote cha jirani kabla ya kuiamini, hasa milimani.

*Mkubwa anasema sisi hatuchafui, hivyo haituhusu.* Yuko sahihi nusu. Mtanzania hutoa kwa mafuta na gesi chini ya tani 0.3 za hewa ukaa kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unakaribia tani 5. Mpe hoja ya kuhimili kwanza, na kwa kupunguza mpe sababu za hapa hapa: moshi, kuni, vyanzo vya maji.

*Nimeulizwa kama nyuzi 1.5 zimeshavukwa.* Mwaka 2024 ulizidi kiwango cha kabla ya viwanda kwa kama nyuzi 1.55, kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Lengo la Paris linapimwa kwa wastani wa miaka mingi, si mwaka mmoja. Jibu: mwaka mmoja ndiyo, lengo lenyewe bado, ila tumekaribia.

*Wanataka kupanda mikaratusi kwenye chanzo cha maji ili kupata tani haraka.* Kataa. Mti huo unakunywa. Waelekeze kwenye miti ya asili, hata kama tani zitachelewa.

*Mfadhili anataka jibu kesho.* Fanya Hatua ya 2, ya 4 na ile simu. Saa tatu zinatosha. Zilizobaki ziandike kama masharti kwenye dokezo.